Shikamoo ya Hewani

Taifa linatangaziwa kwamba Mamlaka ya Mawasiliano ya Dharura, kwa hekima ya Mkurugenzi Mkuu wake, sasa ina uwezo wa kuzungumza na ulimwengu kwa kidole kimoja. Mimi ni Naibu Mkurugenzi, Nukta na Vistari, na kidole kilichotajwa ni changu. Naeleza yaliyotokea ili wananchi wasipotoshwe na wale waliocheka.

Jambo lilianza siku mtandao ulipokatika nchi nzima. Mamlaka yetu, iliyoundwa mahsusi kwa siku kama hiyo, ilishindwa kutangaza dharura kwa sababu tangazo lilipaswa kutumwa kwa mtandao. Mkurugenzi Mkuu hakubabaika. Watumishi tulimwita Antena, kwa kunong'ona, maana hakuna umbeya uliompita bila kuunasa. Aliitisha kikao, akasema watu wa zamani walizungumza kuvuka bahari kwa msimbo wa Morse, mlio mfupi na mlio mrefu, bila mtandao wala vocha. Kuanzia siku hiyo kila mtumishi, toka mhasibu mkuu hadi mfagia ngazi, angejifunza msimbo huo au asahau likizo. Yeye mwenyewe alijitunuku Cheti cha Heshima cha Ugwiji wa Morse palepale, ili asitucheleweshe.

Tuliletewa mwalimu, mstaafu aliyefanya kazi ya redio melini, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Alikuta tumeshabandika ukutani mabango ya nukta na vistari, kila herufi na fremu yake. Aliyatazama, akatuambia tuyageuze. Morse haisomwi kwa macho, alisema, inaingia kwa sikio. A ni di-daa, basi, kama unavyomsikia mtu akikuita jina. Kamati ya Mafunzo ilipinga mbinu hiyo, kwa kuwa sikio halina mahali pa kugonga muhuri, lakini mwalimu alikuwa amekwisha kuanza.

Sitaficha kwamba somo lilinikolea. Nilianza kugonga kijiko kwenye sahani wakati wa chakula, na mke wangu akavumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Baba watoto," alisema, "kama una la kusema, sema. Sahani haijakukosea."

Nikahamia kwenye goti. Kwenye vikao niligonga goti langu, na siku moja goti la mjumbe aliyekaa pembeni. Honi za barabarani zikawa herufi. Nikasikia fundi bati akipigilia paa, nikajikuta nimesimama chini ya ngazi yake nikisubiri amalize sentensi.

Chumba cha redio tulikipata ghorofa ya juu, kwenye stoo ya viti vibovu, na waya wa antena ukavutwa kutoka dirishani hadi kwenye tangi la maji. Masafa tuliyotumia ni ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaoongea hewani kwa mapenzi yao tu, bila mshahara, jambo ambalo Idara ya Utumishi bado inalichunguza. Leseni za redio hutolewa na sisi wenyewe. Mamlaka iliomba kwa Mamlaka, ikajikatalia mara ya kwanza kwa kukosa picha ya pasipoti.

Asubuhi ya kwanza niliketi mbele ya kigongeo, yaani kile kijichuma unachokibonyeza kutoa milio, nikaita. Mwito wenyewe ni herufi mbili, CQ, maana yake naita yeyote anayenisikia. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kumwita yeyote tu, bila nakala kwa wahusika. Nikaita tena. Spika ilichemka kama mafuta kwenye kikaango. Kisha, mbali sana, nikasikia milio midogo ikitaja alama ya kituo chetu.

Alikuwa mwanamke wa nchi jirani, na alituma kwa Kiswahili. Aliniuliza mimi ni nani. Nikamtumia cheo changu kamili, kazi iliyonitoa jasho. Akajibu taratibu: HICHO NI CHEO. WEWE NI NANI.

Swali hilo halikuwa na fomu. Nikamtumia jina langu la utotoni, ambalo nyumbani walishaacha kuniita. Ukaja ugumu wa salamu. Hatukuonana sura, kwa hiyo hatukujua nani amwamkie nani. Tukaulizana umri hewani, watu wawili wazima, na yeye akanizidi kwa miaka kadhaa. Nikatuma SHIKAMOO DADA, herufi kwa herufi. Akajibu MARAHABA MDOGO WANGU. Niliinuka nikazunguka chumba, nikakaa tena.

Yeye ni fundi cherehani. Siku hiyo kwao mvua ilikuwa inanyesha, na paa linavuja juu ya gauni la mteja. Nilimwambia goti langu linauma. Akasema ndiyo malipo ya kukaa vikaoni. Tukaendelea kila asubuhi. Ripoti yangu kwa uongozi ilisema kwamba mashauriano ya nchi mbili kuhusu hali ya hewa na afya ya jamii yanakwenda vizuri.

Ripoti hiyo ndiyo iliyoniponza. Mkurugenzi Mkuu aliisoma, akaona haifai mashauriano ya nchi mbili kuachiwa naibu. Akaagiza sherehe ya Mawasiliano ya Kwanza, ambayo yangehesabiwa ya kwanza pale tu atakapoyafanya yeye. Kigongeo kikateremshwa ukumbini, kikatandikiwa kitambaa chekundu, spika zikafungwa pembe zote, na watumishi wote, waliohitimu Morse kwa amri yake, wakaamriwa kuhudhuria wakiwa wamekaa kimya. Mimi nilipewa kazi ya kutafsiri.

Nilimtafuta dada yangu hewani, nikamwomba asubiri. Mkurugenzi Mkuu akavua koti, akakunja mikono ya shati, akakishika kigongeo kama anayeua mende. Aligonga kwa muda mrefu na kwa hisia. Hapakuwa na herufi hata moja. Mwalimu, mstari wa nyuma, alifumba macho.

Alipomaliza, spika zikajibu kwa mkono wa dada yangu, ule ninaoujua, safi, kila mtu ukumbini akisikia: MDOGO WANGU UMEPATWA NA NINI. KAMA NI MTOTO ANACHEZEA HAPO MTOE.

"Anasemaje?" Mkurugenzi Mkuu akaniuliza, kipaza sauti mkononi.

Nina watoto wanne na mkopo wa nyumba. Nilisema, "Anasema, shikamoo Mheshimiwa. Taifa lake linakupongeza kwa uongozi wako."

Mhasibu mkuu akaanza kukohoa. Mkurugenzi Mkuu akatabasamu, akaniamuru nimjibu huyo mama marahaba. Nilijua ninachokifanya. Nililituma neno hilo hivyo hivyo, MARAHABA, kwa mtu aliyenizidi umri, mbele ya watu. Spika zikasema: NIMEKUAMKIA SAA NGAPI. HUYO MTOTO BADO YUPO.

Ukumbi ulipasuka. Madereva waliinamia magoti, mfagia ngazi akajifunika uso kwa upande wa khanga. Nilimweleza Mkurugenzi Mkuu kwamba hiyo ni furaha ya kizalendo, naye akawapungia mkono. Lakini hewani kulikuwa kimya. Dada yangu alikuwa ameshaondoka.

Jioni hiyohiyo chumba cha redio kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo akawa nao Mkurugenzi Mkuu, kama mshiriki wa mashauriano. Sikupata nafasi ya kumwomba dada yule radhi. Nyumbani mke wangu aliniuliza mbona sahani zimepona. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama huyo fundi bado anadhani mimi ndiye niliyemkosea adabu. Nikasema ndiyo. Akaniambia hiyo tafsiri yangu ilikuwa ya aibu, akaenda kulala.

Ofisini mambo yalikuwa yananyooka. Mkurugenzi Mkuu aliagiza kanda ya shikamoo ile, iliyorekodiwa siku ya sherehe, ichezwe kwenye spika za jengo zima kila asubuhi kabla ya kazi. Naripoti kwa fahari kwamba uchelewaji umekwisha. Watumishi hufika mapema na kusimama kwenye korido na vikombe vyao, na yeye husimama katikati yao, wima, mkono kifuani, huku spika zikisema kama ni mtoto anachezea hapo mtoe.

Kisha akapata mwaliko wa mkutano wa kimataifa, akaona itapendeza awaamkie wajumbe kwa Morse. Akamwita mwalimu ofisini kwa siri. Mwalimu alianza naye kama anavyoanza na kila mtu, kwa herufi za milio mirefu mitupu: T, daa, M, daa-daa, O, daa-daa-daa. Alizishika vizuri. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Asubuhi moja kanda ilipokuwa inacheza, nilimwona ameteremsha mkono kutoka kifuani. Midomo ilikuwa inacheza. Korido nzima iliona. Kanda ilipokwisha alinijia, akanivuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini sana.

"Naibu. Kwenye shikamoo ya yule mama kuna neno mtoto. Mtoto gani?"

Ningeweza kusema ni msemo wa kidiplomasia. Ningeweza kuomba iundwe kamati. Nilimkumbuka fundi cherehani na gauni lake lililolowa, aliyetaka kujua mimi ni nani.

"Mheshimiwa," nilisema, "bado hujafika kwenye W na E. Ukishazijua hizo mbili, utajijibu mwenyewe."

Alinishukuru kwa uungwana, akaenda kumtafuta mwalimu.

Siku iliyofuata mlango wa ofisi yake haukufungwa vizuri. Tukamsikia akifanya mazoezi mezani kwa kalamu, kwa bidii, W kisha E, kila herufi mahali pake. Di-daa-daa, di. Di-daa-daa, di. Mhasibu mkuu aliweka kikombe chini. Kalamu ikarudia mara moja zaidi, polepole, ikasimama katikati.