Busara ya Uteuzi wa Wahunzi wa Marlow

Mheshimiwa Meya wa Marlow. Mke wa Mheshimiwa Meya. Baba Askofu, uliyetubarikia kofia za wachezaji. Mkuu wa Zimamoto. Mwenyekiti wa Wachoma Soseji wa Maegesho ya Uwanja, ambaye namwomba apunguze moshi. Mashabiki mliovaa jezi, na ninyi mliozivua kwa hasira: itifaki imezingatiwa. (Makofi, hasa kutoka meza kuu.)

Mimi, Thaddeus Grubb, Rais wa Wahunzi, klabu yetu ya mpira wa Kimarekani, na Mkurugenzi wa Dira, nimekuja kuwasomea matokeo ya Kamati Huru ya Tathmini Shirikishi ya Uteuzi wa Vijana wa Vyuo, kamati iliyochapa kazi usiku na mchana, ikajiridhisha pasipo shaka kwamba uteuzi wetu wa mwaka huu ulikuwa wa busara kwa asilimia tisini na nne. (Sauti: "Na sita zilizobaki?") Hizo ni za unyenyekevu.

Kama mjuavyo, msimu uliopita tulishika mkia kwa uthabiti mkubwa, jambo lililotupatia haki ya kuchagua kijana kabla ya timu nyingine yoyote nchini, tukapewa na dakika kumi za kutaja jina lake. Wapotoshaji wanadai dakika zile zilituishia tukiwa tumelala. Uongo mtupu! Ziliisha nikiwa katikati ya nasaha zangu za ufunguzi kwa wateuzi wenzangu, nasaha ambazo nilikuwa nimezifupisha mno, na nilipofika kwenye historia ya klabu, timu ya California, iliyokuwa na zamu baada yetu, ikawa imekwisha kumchukua mrusha mpira tuliyemkusudia, kijana wetu wa hapa hapa Marlow, Dalton Hruska. (Wanazomea.) Asanteni.

Ndipo, kwa mkakati mtambuka, tukamchagua mpiga mateke. Sasa mnazomea nini? Timu ikishindwa kusonga mbele, si huupiga mpira teke uende mbali? Sisi tumeshindwa kusonga msimu mzima. Basi huyu ndiye atakayepata kazi kuliko wote. (Soseji inarushwa, inamkosa mheshimiwa, inamwangukia Askofu.) Mnaona? Hata huko kwenu mrusha mpira mzuri hakuna.

(Mzee Emil Hruska, baba yake Dalton, anasimama akiwa amemshika mkewe bega. "Mheshimiwa, mwanangu alikuwa ameshaandaa kofia yenu, ameketi anangoja kuitwa. Mimi macho haya yanazima. Daktari kasema Krismasi hayafiki. Nilitaka nimwone akicheza hapa nyumbani, hata mara moja tu. Dakika kumi, bwana! Jina la mwanangu ni la kutaja mara moja ukamaliza.")

Swali zuri sana, mzee wangu, na nakupongeza kwa kuliuliza kwa ufupi. Klabu haikukusahau. Tunao Mpango Maalumu wa Usafiri wa Wazazi, ambao utekelezaji wake umefikia asilimia themanini na saba: kabla theluji haijaanguka, wewe na mama mtapanda ndege, mtaketi viti vya mbele kabisa, na utamwona kijana wako kwa raha zako. Kamati ile ile imeshauidhinisha! (Makofi marefu. Mzee Hruska anajifuta macho. Mkewe: "Umesikia, Emil? Tunakwenda!")

Wahunzi! ("Nyundo!") Marlow! ("Chuma!") Busara! (Kikohozi kimoja.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru kwa dhati wajumbe wote wa Kamati Huru, ambao nitawatajia majina yao nikishawateua. Nalishukuru shirika la ndege, ambalo nina imani litatukubalia siku tutakapolieleza jambo hili. Na zaidi ya wote namshukuru Mzee Hruska kwa subira yake, kwani Mpango wake utaanza mara tu kamati itakapopatikana, yaani msimu ujao, na tunamkaribisha aje ajionee mwenyewe. Sasa, kabla sijashuka jukwaani, naomba niwarudishe kidogo kwenye historia ya klabu...

(Mzee Hruska anamshika mkewe mkono. "Twende nyumbani, mama Dalton," anasema, "wakati bado naiona njia.")