Lango la Folda ya Pamba

Jumatatu, 11 Novemba

Leo nimebuni skrini. Mimi Machibya, niliyeishia darasa la tatu! Nancy, fundi wa kompyuta wa chama chetu cha pamba, alituita wazee wawili ofisini Somanda tumshauri. Majina ya wakulima yanakaa kwenye kompyuta kubwa kule Lagangabilili. Hapa kwetu ipo folda moja, kama lango la zizi. Mtandao ukiwepo, ukiifungua unaona ya kule. Mtandao ukikatika, inabaki folda ya hapa hapa, tupu. Nancy akauliza wakati huo ionekaneje. Kasmiri, mwenyekiti wa kikundi cha pili, akadakia: ichorwe miti imekinga lango, mtu ajue ng'ombe hawamo. Wazo zuri. Ndiyo maana nimelipinga. Nilisema lango la mwanamume halibadiliki sura. Nikasema tena kwa nguvu, hadi Nancy akachoka akakubali tujaribu. Nimeshinda.

Jumanne, 12 Novemba

Orodha ya mbegu ya kikundi changu, watu sitini na wawili, inatakiwa Lagangabilili kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Asiyemo atasubiri awamu ya pili, na mvua imeshaanza. Mke wangu Nyanjige ndiye wa kwanza kwenye orodha. Nimechapa kwa kidole kimoja tangu asubuhi. Saa tisa nikafungua folda. Tupu! Ya Kasmiri haimo. Mvivu yule, hata hajaanza! Nikaweka yangu. Imekaa peke yake, imenenepa kama dume la nundu. Bodaboda wote wa Somanda nimewaambia nimekuwa wa kwanza.

Jumatano, 13 Novemba

Nilimpeleka Nyanjige aone jina lake. Orodha ya Kasmiri imo, ya tangu Jumatatu. Yangu haimo. Nikatangaza mbele za watu kwamba Kasmiri ameifuta kwa wivu. Kasmiri akaniuliza, taratibu tu, kama jana nilikuta kitu chochote humo. Nikamjibu nilikuwa peke yangu kama mtemi. Watu wakatazamana. Nyanjige akasema tumpigie Nancy. Nimekataa. Mbunifu hamwiti mbunifu mwenzake kwa jambo dogo.

Alhamisi, 14 Novemba

Nyanjige amempigia mwenyewe. Nancy alikuwa Kimali, amefika saa nane. Akakata mtandao makusudi. Folda ikawa tupu, orodha yangu ikajitokeza!

“Guku, babu yangu, Jumanne mtandao ulikatika, ukaiweka zizini ng'ombe hawapo,” akasema. “Wakarudi, wakasimama juu yake.”

Siku mbili ilikuwa chini ya kwato. Tumeituma saa tisa. Lagangabilili wamejibu: awamu ya pili, wiki tatu. Tukarudi nyumbani. Nyanjige akauliza, “Wewe na Kasmiri, nani aligombana na nani, mpaka shamba langu likae tupu?”

 

Jumamosi, 16 Novemba

Kikundi cha Kasmiri wanapanda. Nyanjige yuko huko anawasaidia, labda watambakizia mbegu kidogo. Nancy amechora ile miti, nyekundu. Inapendeza. Nimemweleza wazo ni langu, maana bila mimi nani angeona umuhimu wake?

Ametuuliza jambo jipya: mtandao ukiwa mzito, orodha iko njiani haijafika, skrini iseme nini? Kasmiri akasema iandike SUBIRI.

Subiri! Mzee mzima aamriwe na kioo? Nimegonga meza. Nimesema iandike IMEFIKA.

Nancy ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani amevutiwa.