Kanda Iliyomaliza Kazi Upesi

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wa kompyuta wa shule ametangaza leo. Likizo ikifika atachukua msaidizi wa chumba cha seva, mmoja tu, na atampa ufunguo wake mwenyewe. Ufunguo huo nimeutaka tangu kidato cha kwanza. Kwetu mashine ni moja, cherehani ya Mama, na hiyo siruhusiwi hata kuipumulia.

Tumebaki wawili. Mimi na Kamusi. Kamusi ni mwenzangu wa kidato cha tatu. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukitamka neno mbele yake atakueleza maana yake hata kama hukuuliza.

Fundi anasafiri wiki nzima kikazi, na ametuachia kazi ya nakala. Alama za shule nzima zimo ndani ya seva, na seva ni mashine tu, hufa bila kuaga. Kwa hiyo kila jioni kanda moja inaingizwa kwenye mashine ya kanda, inanakili kila kitu, halafu inakwenda kulala nyumbani kwa mmoja wetu. Janga likiikuta shule, lisiikute na kanda. Fundi si msemaji, lakini hilo alilisema mara mbili. Tupokezane zamu, akasema, na tusiulizane maswali ambayo majibu yake tumekwisha kupewa. Nadhani alikuwa akinitazama mimi.

Leo ilikuwa zamu ya Kamusi. Mashine ilinguruma mpaka jua likazama. Yeye kakaa kando yake na kitabu, kama mtu anayemngoja mgonjwa. Nilimchungulia dirishani nikasikitika. Jioni nzima kwa kanda moja! Mwenye akili angetafuta njia.

Jumanne, 4 Machi

Njia imepatikana.

Nilivuta droo nichukue kanda ya Jumanne. Nyuma kabisa nikaona nyingine, imejitenga, rangi yake tofauti, haikuandikwa siku yoyote. Ubavuni ina vijisanduku vidogo vya kuwekea vema. Nikafikiri. Mama vikombe vya wageni huviweka nyuma ya kabati. Sisi tunanywea vya mbele, vilivyokatika masikio. Kwa hiyo kilicho bora hukaa nyuma. Fundi ana kanda ya wageni.

Nikaiingiza. Mashine ikaguna kidogo, ikawasha taa ya kijani, ikaitema kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Shule nzima! Nikaweka vema kwenye kisanduku cha kwanza, kwa wino, kwa unadhifu.

Skrini ilikuwa na maneno kwamba inasubiri kanda. Maskini, haikuwa na habari kwamba imekwisha kuipata. Nikaizima ipumzike.

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba kifuko nilichoshika kina shule yote. Akauliza kama na mwalimu wa hesabu yumo. Nikamwambia alama zake zimo. Akasema basi nisiiweke karibu na chakula. Kanda nimeifunga kwa kitambaa chake cha kichwa na kuilaza chini ya mto.

Jumatano, 5 Machi

Zamu ilikuwa ya Kamusi, lakini Kamusi ana mazoezi ya mdahalo. Nilimwendea kwa upole. Nikamwambia akapumzishe kichwa, mimi nitamshikia zamu zake zote zilizobaki, kusaidiana ndiyo utu. Akaniangalia kuanzia viatuni kwenda juu. Akauliza, "Wewe umeanza lini kunipenda?" Nikasema upendo hauna tarehe. Akakubali, ila kwa sharti kwamba nisiondoke mpaka mashine imalize. Niliapa. Na sikuondoka mpaka ilipomaliza.

Sasa wiki hii yote ni yangu. Fundi akirudi atauliza nani alinakili, na jibu litakuwa jina moja.

Kwa kuwa muda ulibaki mwingi, niliiingiza kanda tena. Na tena. Nakala moja ni nzuri, nakala saba ni bora. Vema saba, zote zimenyooka.

Alhamisi, 6 Machi

Walimu wamejazana kwenye kompyuta zao wakiingiza alama za mtihani. Mwalimu wa hesabu amenipa sitini na nane. Sijawahi kuvuka hamsini. Nilimwomba anionyeshe kwenye skrini, akanionyesha, nikamwomba tena, akasema nikimwomba mara ya tatu atapunguza. Jioni niliinakili sitini na nane yangu mara kumi na mbili.

Kamusi alipita akasimama mlangoni. Akauliza mbona mashine iko kimya. Nikamjibu imemaliza. Akasema haiwezekani, saa hizi haijafika hata robo ya kazi. Nikamwambia mambo hutegemea mkono wa mtu. Akaomba aione kanda. Nikaikalia droo. Akasema mtu mwenye kazi safi haikalii. Nikasema mtu mwenye mdahalo huenda kwenye mdahalo.

Husuda ni ugonjwa. Namwombea.

Mama naye ameanza. Kanisikia nikisimulia, akasema kazi pekee inayoisha haraka hivyo ni ya kumwaga maji, na hata maji huacha tope. Mama hajui seva.

Ijumaa, 7 Machi

Jambo la kupendeza. Leo niliinakili shule mpaka kisanduku cha mwisho kikapata vema yake. Nilipojaribu tena mashine iliwasha taa ya rangi ya chungwa ikaitema kanda kwa nguvu. Imejaa. Imeshiba elimu ya watu mia nne, nani asingeshiba.

Nimeandika hotuba fupi ya kupokea ufunguo. Inaanza kwa kumshukuru Kamusi kwa uvumilivu wake.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike polepole.

Asubuhi tulikuta ukumbi wa ofisi umejaa walimu. Kiyoyozi cha chumba cha seva kilivuja mwisho wa wiki, na kilichagua pa kuvujia: juu ya seva yenyewe. Imekufa kabisa. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Fundi, aliyerudi jana, alikuwa na diski mpya mkononi na suruali imelowa mpaka magotini.

Namwomba Mungu anisamehe, nilifurahi. Janga lenyewe, limekuja wiki yangu!

Fundi akauliza kanda ya Ijumaa iko wapi. Nikapita katikati ya walimu, nikakifungua kile kitambaa mbele ya wote. Nikaitoa kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto.

Fundi akaitazama. Akaigeuza. Akavitazama visanduku. Akaniuliza vema zote hizi nimeziweka mimi. Nikasema ndiyo, Fundi, kila nilipoiingiza. Akaniuliza kanda za Jumanne, Jumatano na siku nyingine je. Nikamweleza kwamba hizo nilizipumzisha, kwa kuwa hii ni ya kasi.

Akavuta pumzi. Akasema, "Binti yangu, hii ni kanda ya kusafishia mashine. Hainakili kitu. Ni ufagio."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa baya. Mwalimu Mkuu akauliza basi alama za wiki nzima ziko wapi. Fundi akajibu kwamba alama haziko popote, ila hajawahi kuona mashine ya kanda iliyo safi namna ile.

Kisha akamwomba Kamusi kanda yake ya Jumatatu. Kamusi akaitoa mkobani, imo ndani ya soksi. Mashine ikaanza kunguruma, ule mngurumo mrefu wa kuchosha, na walimu wakakaa kuisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua baada ya ukame. Mpaka jioni kila kitu kilikuwa kimerudi, hadi pale Jumatatu ilipoishia. Yaliyoingizwa baadaye yamekwenda. Sitini na nane yangu imo humo.

Ufunguo amepewa Kamusi. Alinisogelea, nikadhani anakuja kunieleza maana ya neno ufagio. Akasema tu, "Pole, dada." Afadhali angenicheka.

Nililia njia nzima. Mama alisogeza cherehani kando, akanipa nafasi mezani, akanimiminia chai kwenye kikombe cha wageni.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimewasomea walimu alama kwa sauti, karatasi hadi karatasi, nao wakaziingiza upya. Mwalimu wa hesabu alipofika kwenye yangu alikohoa, akasema anaikumbuka. Sitini na nane. Akaandika. Moyo ukapata pa kukaa.

Fundi si mtu wa kinyongo. Alisema mwakani atachagua msaidizi mwingine, na kwamba anayetaka kujifunza aanze kwa kutazama. Mashine nisiiguse. Droo nisiiguse bila Kamusi. Kama nina mikono inayowasha, kuna rafu ya kanda za zamani, za miaka yote iliyopita, imejaa vumbi, naweza kuipangusa.

Nimeipangusa. Na nilipokuwa nikipangusa nikaelewa kosa langu lilikuwa wapi hasa. Ile kanda haikuwa na maandishi ya kueleweka. Kumbe hata hizi za rafuni, maandishi yake ni aibu: wino umefifia, miandiko ya watu watatu tofauti, mingine imepinda. Hivi ndivyo majanga huanza. Fundi atafurahi akikuta mtu ameliona hilo kabla yake, na mwakani atamkumbuka.

Basi nimezibandua karatasi zote zenye tarehe, kanda hata moja haikubaki na yake, na nimekuja nazo nyumbani niziandike upya kwa mwandiko wangu mzuri. Kanda zenyewe nimezipanga rafuni, safi, nyeusi, zinafanana kama maharusi pacha. Kesho asubuhi nitabandika kila karatasi mahali pake.

Mama ameuliza nitajuaje ipi ni ya ipi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nilizitazama vizuri sana.