Taa Nyekundu ya Propela

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa karakana ametangaza: Jumamosi ndege yetu kuukuu ya kivita itawashwa injini, mara ya kwanza tangu tuanze kuifufua. Rubani Mstaafu atakaa mbele. Kiti cha nyuma atapewa fundi atakayefanya kazi yake vizuri kuliko wote. Hicho kiti changu! Kikwazo ni Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi rangi. Namba aliyoichora mkiani imenyooka mpaka inaudhi. Mimi nimepewa kijitaa chekundu cha propela, kwenye chumba cha rubani. Injini huizungusha propela, lakini mwinamo wa mapanga yake hubadilishwa na mota ya umeme. Kijitaa hakiwaki.

Jumanne, 4 Juni
Nimebadilisha balbu mara tatu. Giza tupu. Kitabu cha maelekezo ninacho, nimekikalia. Kiti cha rubani kiko chini mno kwangu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa! Balbu ya indiketa ya pikipiki ya Shemeji. Nimeiazima bila kumsumbua kwa maswali, kisha nikavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kinawaka, tena hakizimiki! Mkuu ni mtu wa injini, mambo ya umeme hayajui. Akasema safi sana. Shemeji akanuna. Jioni alipita nyumbani akilalamika kwamba indiketa yake ya kushoto imekufa. Nikampa pole. Roho yangu kwatu.

Alhamisi, 6 Juni
Rubani Mstaafu amekuja kukagua. Akaingia, akaona kijitaa, akashuka kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri wake. Akasema propela haipati umeme, injini isiguswe. Mafundi wameifungua propela yote, siku nzima. Nami nimewasaidia kutikisa kichwa.

Ijumaa, 7 Juni
Yamenifika! Wameufuata waya wangu hadi kwenye balbu. Shemeji akaitambua papo hapo: aliipaka mwenyewe rangi ya machungwa. Mkuu akauliza kama nilisoma kitabu. Nikamjibu kwamba nimekuwa nacho kila siku. Rubani akanieleza taratibu, kama mtoto: taa ile huwaka pale tu propela inapokosa umeme; mambo yakiwa shwari, hukaa imezimika. Akaendelea na habari za taa tatu za kijani za magurudumu, eti hizo ni kinyume chake, lakini mimi nilishaelewa.

Jumamosi, 8 Juni
Injini haikuwashwa. Propela iko mezani, vipande vipande. Shughuli imesogezwa wiki moja mbele, kwa hiyo kiti bado kiko wazi! Mkuu amesema hata mimi nina nafasi, ilmradi nitulize mikono. Mtu mwema sana. Shemeji haniongeleshi. Mke wangu ametaka nimalizane na kaka yake, yeye hapendi watu wanuniane mezani pake.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwenda karakanani peke yangu kukagua. Lo! Taa tatu za kijani zinawaka waziwazi na hakuna aliyeshtuka! Hitilafu tatu! Nimezitoa balbu zote. Sasa humo ndani hakiwaki kitu, salama salimini. Mbili nimezitia mfukoni. Ya tatu nimeifunga kwenye pikipiki ya Shemeji, kumaliza kinyongo. Amenikumbatia. Mke wangu amecheka mpaka machozi. Kesho Shemeji ataingia karakanani akikata kona kushoto, indiketa ikipepesa kijani mbele ya Mkuu na Rubani. Wote watajua nani aliyeitengeneza.

Kiti nimekipata.