Jinsi Nilivyoyasaidia Mabadiliko ya Jamii

Jumatatu, 4 Agosti. Patna. Mvua.

Nimesoma sura ya tatu ya *Jamii ya India na Mabadiliko Yake*. Inasema familia kubwa zinasambaratika. Nikainua macho. Nyumba imejaa watu, na hakuna hata mmoja anayeonyesha dalili ya kusambaratika. Mbaya zaidi ni Nandlal, mtoto wa Baba Mdogo. Tunalala chumba kimoja, tunasomea mtihani mmoja. Anasoma kwa sauti huku akitafuna njugu. Leo yeye amekariri matabaka yote. Mimi nimekariri njugu.

Mtihani wa utumishi wa serikali, unaotoa wakuu wa wilaya, ni tarehe ishirini na mbili. Kwangu ndio wa mwisho, umri umenitupa mkono. Nikianguka, naingia duka la mabomba la Baba Mdogo na sitoki tena. Naogopa, siwezi kuficha. Nahitaji chumba peke yangu.

Nimepata wazo. Kwetu nyumba haigawanywi kwa ukuta, inagawanywa kwa jiko. Mama na Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo, wakipika mbalimbali, Baba Mdogo atahamia ghorofani na watu wake, Nandlal akiwemo. Jamii inabadilika polepole mno. Inahitaji kusukumwa kidogo.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimemwambia Mama Mdogo kwamba Mama anasema mchuzi wake wa dengu ni maji yaliyopita karibu na dengu. Nimemwambia Mama kwamba Mama Mdogo anasema samli inafichwa nyuma ya pipa la mchele. Hakuna aliyesema hivyo. Lakini mchuzi ni maji kweli, na samli imefichwa kweli, kwa hiyo sijadanganya sana.

Jumatano, 6 Agosti.

Imefanya kazi kuliko dawa! Mchana Mama Mdogo alimuuliza Mama kama mchuzi wa leo umekuwa mzito wa kumtosha, au bado ni maji. Mama akajibu, "Mimi nakula chochote, mdogo wangu. Mradi hakijafichwa nyuma ya pipa." Baba na Baba Mdogo, ambao hawajawahi kugombana hata kwa kriketi, wakabeba sahani zao wakaenda kula barazani. Bibi akakata shauri: kila mtu na jiko lake, naye apate kula kwa amani.

Nandlal akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni athari za maisha ya mjini, atazikuta sura ya tatu.

Ijumaa, 8 Agosti.

Jiko la pili limefika. Pigo! Ghorofani hakuna bomba. Familia inauza mabomba mji mzima na ghorofani kwake hakuna bomba. Chumba kingine chenye bomba na mfereji wa kutolea maji machafu ni kimoja tu, nacho ni chetu. Zamani kilikuwa cha kufulia. Hilo sikuliwaza hata kidogo.

Nilipinga sana jiko lisiwekwe humo. Baba akasema kitabu hakihitaji bomba. Kitanda changu sasa kiko barazani, ubavuni mwa pikipiki ya Baba Mdogo. Nandlal amepewa chumba cha ghorofani peke yake, dirisha linatazama mpera. Amenipungia mkono kutoka huko juu.

Jumamosi, 9 Agosti.

Sikukuu ya akina dada kuwafunga kaka zao uzi mkononi. Nimekula vitamutamu vya jiko la kwanza, kisha vya jiko la pili, maana nikionja huku nisionje kule ni kesi. Mama ananituma nikapeleleze wenzetu wanapika nini. Mama Mdogo naye ananituma vivyo hivyo. Nandlal hatumwi, Nandlal anasoma. Mimi nikilala chali, kitabu kinateleza tumboni.

Jumatatu, 11 Agosti.

Jaribio kwenye kituo cha masomo. Swali: je, familia kubwa ya India imekufa, au imebadilika sura tu? Bahati iliyoje! Nikaandika imekufa. Nikachora nyumba yetu na majiko yote mawili.

Nimerudi nyumbani. Mama na Mama Mdogo wameketi sakafuni katika kilichokuwa chumba changu, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja, wanacheka mpaka machozi. Gesi ya Mama iliisha, akaenda kuomba moto, wakaulizana nani alisema nini. Niligeuka niondoke. Mama Mdogo akaita, "Mheshimiwa mkuu wa wilaya, unakwenda wapi? Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Wakanisema kwa zamu, kisha kwa pamoja. Niliona aibu, masikio yakawaka moto. Mwishowe wakanipa bakuli la dengu, nzito safari hii. Familia imeungana. Chumba hakikurudi. Wameona kina hewa nzuri, basi upishi wote utakuwa humo.

Jumatano, 13 Agosti.

Matokeo. Mimi alama tatu kati ya kumi na tano. Mwalimu ameandika pembeni kwamba mchoro ni mzuri. Nandlal wa kwanza. Ameeleza jinsi familia inavyoweza kutengana majiko na bado ikabaki familia moja. Ametumia nyumba yangu!

Nimetafakari, na kosa nimeliona. Nilitumia sura isiyofaa. Sura ya sita, ya ndoa, inasema vijana wakioa huhamia miji mikubwa. Nandlal akioa, ghorofani ni kwangu. Nimewaendea Mama na Mama Mdogo papo hapo, nikawaambia kwa heshima kwamba humu ndani kuna kijana ambaye akili yake haitatulia mpaka apate mke. Wakatazamana. Wakasema hata wao wameliona hilo. Sijawahi kukubaliwa haraka hivyo.

Wazazi wa msichana mmoja wanayemjua watakuja wiki ile ile ya mtihani. Maskini Nandlal, atasoma saa ngapi?

Jioni Mama Mdogo amekuja na utepe kunipima mabega na kiuno, kwa ajili ya nguo za bwana harusi. Nimesimama wima kabisa. Nadhani hawataki Nandlal ashtuke mapema.