Mtama wa Kidachi na Miguu Yangu

Jumatatu, 2 Mei 1910
Wiki ya tatu, Pili hajarudi. Yote kwa sababu nilibadilisha mbuzi wake wawili kwa saa ya ukutani ya Mdachi. Saa nzuri! Haitembei, lakini nzuri. Leo mjomba wake, Mzee Pazi, kateremsha ujumbe kutoka mlimani: nikamchukue mke wangu Jumamosi ya wiki ijayo, kwa miguu yangu mwenyewe. Nikishindwa, nitume talaka. Mwaka jana nilipandishwa kwa machela, nikibebwa na watu wanne. Mzee Pazi akasema machela ni ya Mdachi na maiti, na mimi Mdachi siyo. Kwa Waluguru mjomba akishasema, baba mzazi hunyamaza.
Tatizo ni hiyo miguu. Imevimba kama mihogo ya masika.

Jumanne, 3 Mei
Hospitali. Daktari Mdachi kanibonyeza, kaguna, kanipa gunia dogo la nafaka ya kwao. Punje nyeusi, pembe tatu, kama zimechongwa na mtu asiye na kazi. Nimeiita mtama wa Kidachi. Msaidizi wake, Yohana, kanifasiria: dawa ya mishipa imo kwenye ngozi ya punje, chini ya ganda. Nitoe ganda tu. Nisiikoboe ikawa nyeupe, nisiikaange, na maji niliyochemshia ninywe. Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini mimi ni karani wa bohari la reli. Chakula cheusi ni cha wafungwa.

Jumatano, 4 Mei
Nimetwanga mwenyewe, kwa kinu cha Pili. Mara ya kwanza kutoa ganda. Mara ya pili kutoa ngozi. Mara ya tatu kwa ajili ya heshima. Kinu kimepata ufa kidogo, lakini punje nyeupe pe! Jirani yangu Bi Mwaisha, bibi wa fimbo mwenye miguu mibovu kuliko yangu, kachungulia uani. Akauliza, baba, pumba hizo unatupa? Nikamwambia awapelekee kuku wake. Akasema hana kuku. Akachukua.

Ijumaa, 6 Mei
Uchungu! Nimechemsha, nikamwaga maji ndooni. Nikachemsha tena, nikamwaga tena. Kisha nikazikaanga mpaka zikanukia kama buni. Uchungu kwisha. Akili ni mali! Bi Mwaisha kaomba yale maji ya kumwaga. Maskini. Nikampa ndoo nzima.
Miguu vilevile. Bi Mwaisha kaja bila fimbo. Nadhani kaisahau.

Jumatatu, 9 Mei
Mvua imevuja jikoni siku mbili, gunia limelowa. Punje zilizobaki bila kutwangwa zimeota vimkia. Zimeharibika! Nikazitupa nyuma ya nyumba. Bi Mwaisha alifika kabla hazijatua. Akasema hicho ni kimea, mwanangu, atapikia togwa. Nilicheka nusu saa, nimekaa, maana kusimama kunauma. Yeye kaondoka na kimea mkononi na mtungi wa maji kichwani. Mtungi umejaa.

Alhamisi, 12 Mei
Yohana kauliza ninakulaje ile nafaka. Nikamweleza hatua kwa hatua, kwa fahari. Kisha kauliza kama kuna kitu chochote nilichokula. Wivu.

Jumamosi, 14 Mei
Nimeondoka alfajiri. Mwinuko wa kwanza, nikakaa. Wa pili, nikalala. Nikiwa chali njiani, nani ananipita? Bi Mwaisha! Kibuyu cha togwa kichwani, anaimba. Nikamwamkia shikamoo kutoka chini. Akaitikia marahaba, baba, akauliza ampelekee Pili salamu gani. Nikamwambia aseme niko njiani. Ni kweli tupu.
Nimefika alasiri, kwa mikono na magoti. Mzee Pazi kasema makubaliano yalikuwa miguu. Nikasema magoti ni sehemu ya mguu. Akasema atafikiri, na uso wake ulikwisha fikiri. Kumbe Bi Mwaisha alishasimulia kila kitu: pumba, maji, kimea. Pili akacheka! Mara ya kwanza tangu wale mbuzi. Aliposikia habari ya ufa akaacha kucheka. Akamwambia mjomba wake anateremka kesho, si kwa ajili ya huyu, bali kwa ajili ya kinu cha mama yake, kabla hakijawa kuni.
Nimeshinda!

Jumapili, 15 Mei
Nyumbani, na mke. Mzee Pazi katoa sharti: sherehe ya mavuno nipande tena, na safari hii nimesimama. Bi Mwaisha kanipa kibuyu cha togwa, ninywe kila asubuhi. Mwanamke mwema, lakini mchafu. Togwa ina rangi ya udongo, na vipande vinaelea! Nimeichuja kwa kanzu yangu ya Ijumaa, mara tatu. Sasa imetakata, unaona mpaka chini ya kikombe. Pili kaenda kukaa juu ya kinu chake.
Machicha nimemwita Bi Mwaisha ayachukue. Kaja mbio.