Vibandiko Vyangu Vimesomwa

Sadala Mhina,
Nyumba Na. 31, Safu ya Tatu,
Kijiji cha Ujamaa Kwesongo,
Njia ya Mkata, Handeni.

19 Novemba 1975

Kwa Ndugu Afisa wa Kisomo cha Watu Wazima.
(Kwa mkono wa Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Semboja, ambaye ameombwa asiifungue.)

Ndugu Afisa,

YAH: MALALAMIKO JUU YA MKE WANGU KUFUNDISHWA KUSOMA, PAMOJA NA MAOMBI YA USHAURI KATIKA KUCHAGUA MASHINE YA VIBANDIKO

Natanguliza heshima zangu, nikitumaini kuwa barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu.

Mimi ni mpiga chapa marobota mstaafu. Kwa miaka kumi na tisa, katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, hakuna robota la katani lililokwenda stesheni bila kupita chini ya brashi yangu. Kila robota liliandikwa alama ya shamba, uzito, na daraja lake: la Kwanza, la Pili, la Tatu, au lile la mwisho tuliloliita Makapi. Chini kabisa iliwekwa namba ya mpiga chapa, ili robota likilalamikiwa huko ng'ambo ajulikane wa kuulizwa. Namba yangu ilikuwa 14. Sikuwahi kuulizwa. Kusoma na kuandika sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa marobota.

Tulipohamia kijijini hapa miaka miwili iliyopita, nilikuta nyumba zote ni sawa na makopo yote ni ya aina moja, yale ya mafuta ya kupikia. Nikaona ni wajibu wangu kuleta utaratibu. Kila kitu ndani ya nyumba nilikibandika kibandiko (wenye maduka husema lebo) chenye jina lake, daraja lake, na namba 14. Utaratibu huo ulikwenda kwa amani kamili, kwa sababu katika nyumba yangu msomaji alikuwa mmoja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuarifiwa. Mke wangu, Tatu Hiza, alikuwa akiondoka kila alasiri akisema anakwenda shamba la pamoja. Akirudi vidole vyake vilikuwa vyeupe, nami nikadhani ni unga wa muhogo. Kumbe ilikuwa chaki. Alikuwa darasani kwa Mwalimu Yuditha, na mwezi wa nane akafanya mtihani akafaulu. Mkuu wa kaya hakuletewa hata kipande cha karatasi, ilhali mbolea ikifika kijijini hutangazwa kwa ngoma.

2. Mke wangu hakusoma kimyakimya. Mlangoni mwa chumba nilikuwa nimebandika Orodha ya Madaraja ya Nyumba kwa mwaka 1975. Jumamosi, tarehe 1 Novemba, mkwe wangu Bibi Chausiku akiwa ameketi anamenya karanga, Tatu alisimama mbele ya orodha hiyo, akaweka kidole chini ya herufi kama walivyofundishwa, akaanza kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "M-ke. Da-ra-ja la Pi-li. Sa-ba-bu: ha-si-ki-li-zi."

Ieleweke, Ndugu Afisa, kwamba kwa desturi yetu mimi na mkwe wangu hatusemezani moja kwa moja. Ndiyo sababu yaliyomhusu niliyaandika. Yeye akamwambia binti yake, nami nanukuu: "Endelea, mwanangu. Na mimi nimo?"

Alikuwamo. "MAMA MKWE: DARAJA LA TATU. HULA POLEPOLE. HUONDOKA POLEPOLE ZAIDI."

Bibi Chausiku akamenya karanga mbili, kisha akasema: "Hebu mwulize mwenzio, mbuzi kapata ngapi?"

Mbuzi, kwa haki kabisa, alikuwa Daraja la Kwanza. Mume pia. Ndipo mke wangu akashuka na kidole hadi chini ya karatasi, akanigeukia: "Baba Hamisa, na huyu kumi na nne ni nani, nikampe mkono?"

Jumatatu walipanda basi kwenda Kilole kwa shemeji yangu Muhidini. Mbuzi pia walikwenda naye. Kwa hiyo aliyebaki nyumbani wa Daraja la Kwanza ni mimi peke yangu.

3. Baada ya kuondoka kwao imegundulika hitilafu ya ghala. Asubuhi ya kwanza nilifungua kopo la SUKARI nikatia vijiko vitatu kwenye chai. Ilikuwa magadi. Kopo la CHUMVI lilikuwa na misumari. MAJANI YA CHAI yalikuwa mbegu za ufuta. Kopo la MAHARAGE lilikuwa na maharage, lakini nadhani ilitokea kwa bahati. Inanilazimu kukiri kiofisi kwamba mke wangu hakuwahi kuvitumia vibandiko vyangu hata siku moja. Alikuwa akiyatikisa makopo na kuyatambua kwa mlio. Mimi nikitaka sukari, ananiletea sukari. Nami nikinywa chai huku nikiusifu utaratibu.

Liko kopo moja ambalo nililipa daraja la Makapi, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kulifungua kwa miaka yote miwili. Ndani yake nimekuta daftari la kisomo, penseli, na nusu ya chaki. Kurasa kumi na moja za daftari hilo zimejaa neno moja tu: Sadala. Nimehesabu. Ni mara 286. Mwanzoni S inatazama nyuma; kufikia ukurasa wa saba imegeuka na kukaa vizuri. Nauliza kwa heshima: ni nani aliyeidhinisha karatasi ya umma itumike kuandika jina la mtu mmoja mara 286, naye asiambiwe? Daftari hilo nalipitia kila asubuhi ili kuhakiki hesabu. Haijabadilika.

4. Panya. Gundi yangu naipika kwa unga wa muhogo, na panya wa kijiji hiki wameizoea. Wiki iliyopita walikula neno SUKARI lote na kuyaacha magadi. Lalamiko hili si lako moja kwa moja, lakini tangu mke wangu aondoke hakuna wa kuwafukuza, na aliondoka kwa sababu ya kisomo.

5. Nimetafakari, nikaona kwamba kosa ni la vifaa. Kibandiko kilichoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mfuko wa saruji humfanya msomaji aone kana kwamba anatukanwa na mtu. Kingekuwa kimechapwa kwa mashine, angejua ni utaratibu tu. Kwa hiyo nilisafiri hadi Korogwe, katika duka moja karibu na stesheni, kukagua mashine zilizopo. Naomba sana uongozi wako, maana nimeshindwa kuchagua.

Ya kwanza ni mashine ya kubana kwa mkono, yenye gurudumu la herufi na utepe wa plastiki, mwekundu, wa buluu au mweusi. Unageuza gurudumu, unabana, herufi inachomoza nyeupe. Ni kitu kizuri mno. Upungufu wake ni kwamba herufi Q na X zinakaa bure humo kama kupe, na utepe ukiisha hakuna ajuaye mwingine utakuja lini. Panya hawali plastiki; nimeulizia.

Ya pili ni kisanduku cha mihuri ya mpira pamoja na kidau cha wino. Kina herufi A tatu tu. Aliyekitengeneza hakuwa na habari na lugha ya taifa letu. KARANGA peke yake inazimaliza zote tatu. MAFUTA YA TAA yanataka tano, na nyumba isiyoweza kuandika mafuta ya taa ni nyumba inayosubiri ajali.

Ya tatu ninayo tayari: mabati yaliyotobolewa herufi, niliyopewa nilipostaafu, pamoja na rangi nyeusi ya marobota. Rangi haifutiki wala hailiwi. Lakini kila herufi ni kubwa kama kiganja. Nilijaribu kuandika UNGA WA MUHOGO kwenye debe, maneno yakalizunguka debe lote, herufi ya mwisho ikaikanyaga ya kwanza. Ukitaka kusoma ni lazima ulizunguke debe mara mbili.

Mwenye duka aliniuliza: "Mzee, nyumbani mko wangapi?" Nikamjibu kwamba kwa sasa niko mmoja. Akasema: "Sasa mtu mmoja unajiwekea lebo za nini? Si unajua ulipoweka?" Nilimwomba anionyeshe tena utepe mwekundu, kwa kuwa swali lilikuwa nje ya shughuli iliyonipeleka. Kwa kuwa nilikuwa Korogwe, nilipita pia Kilole, mbele ya nyumba ya shemeji Muhidini, mara tatu, kwa ajili ya kunyoosha miguu. Mbuzi alinitambua.

Kutokana na hayo, naiomba Ofisi yako:

(a) Iagize kwamba wanakisomo wasome vitu vya nje ya nyumba tu, kama vile magunia ya mbolea, mabango, na ubao wa kijiji. Mlango wa chumba cha mtu uwe mwisho wa kisomo.

(b) Kama hilo litaonekana kali, basi wanawake wenye waume wenye vibandiko wafundishwe herufi A hadi M, na zilizobaki zitunzwe kwa Mwenyekiti.

(c) Inichagulie mashine, rangi ya utepe, na gundi isiyolika, kwa maandishi na muhuri.

(d) Imwandikie mke wangu barua ya kumrudisha nyumbani. Kwa kuwa sasa anajua kusoma, hana tena udhuru wa kutozielewa barua. Mwenyewe nimeianza barua hiyo mara sita. "Ndugu Tatu" inamfanya kama mjumbe wa kamati. "Bibi Tatu" inamzeesha. "Mke wangu" nikiitazama naona kibandiko. Marobota hayakuhitaji salamu, na hapo ndipo elimu yangu ilipokomea. Ofisi yako bila shaka ina mfano wa barua ya namna hiyo kwenye faili.

Nisalimie mpiga taipu wako, mhudumu wa ofisi, tarishi, na mlinzi wa getini. Mwalimu Yuditha naye msalimie, ingawa ni mshitakiwa. Mzee Semboja, ambaye najua anaisoma barua hii wakati huu, shikamoo.

Nabaki, nikiwa nimenyooka na kufungwa vizuri,

Sadala Mhina
(14)

NYONGEZA: Bahasha nilikwisha kuifunga, nami nimeifungua tena, uniwie radhi kwa doa la muhogo. Kondakta wa basi la Korogwe ameshusha pale Mkata kopo langu moja, limefungwa kwa kamba ya katani, fundo likiwa lile lile la robota. Sijui alilijifunza lini. Labda kwa kunitazama. Juu yake kuna kibandiko cha mwandiko wa mkono:

KARANGA. NI KARANGA KWELI.
MUME: DARAJA LA TATU. SABABU: HASIKILIZI.
ACHAMBULIWE UPYA, HUKU HUKU KILOLE.
15

Nimefungua. Ni karanga. Zimekaangwa. S ya SABABU inatazama mbele.

Malalamiko ya 1 hadi ya 5 yafutwe, isipokuwa la panya. Maombi (a) na (b) yasionyeshwe kwa mtu. Darasa lisifungwe, na herufi zifundishwe zote, hata Q na X, huenda siku moja akazihitaji. Orodha ya mlangoni nimeibandua. Daraja nililopewa nimelipokea na sikati rufaa.

Kuhusu mashine, usichague. Kesho nachukua basi la saa mbili. Nikishachambuliwa tutakwenda dukani wawili, naye ataitikisa kwanza.

Majibu ya barua hii, kama yapo, yapelekwe Kilole, kwa Tatu Hiza. Atanisomea.